Ithibati ya Ghanima, Mjukuu wa Mke Mwenzangu

Ghanima anakaa nyumba inayotazamana na yangu hapa Pangani, mtaa wa nyuma ya soko. Bibi yake, Malak, alikuwa mke mkubwa wa marehemu Khalifa, na mie Mwanamkasi nilikuwa mke mdogo. Nalisema hilo mapema ili msije kuniuliza huko mbele kwa nini namtazama binti wa watu kwa jicho la pembeni. Malak nilimwonea wivu miaka arobaini na miwili. Alipofariki, wivu wangu ukakosa mtu. Ulikaa siku chache kibarazani, halafu ukavuka njia ukamwingia mjukuu.

Ana miaka thelathini na tatu, mrefu, mweupe, pua ya upanga kama wote wa upande ule ambao asili yao Oman. Kasoma hadi chuo, Dar es Salaam, karudi na cheti, bodi ya msikiti ikampa kazi. Bodi hiyo ndiyo yenye kusimamia madrasa, zahanati ndogo ya mtaani na shamba la minazi la wakfu lililoko Bweni, ng'ambo ya mto. Ghanima ndiye mdomo wao. Huandika matangazo, hujibu watu wa redio, hupiga picha siku ya kugawa futari. Ukimuuliza kazi yake atakwambia ni uhusiano kwa umma. Mie nikisikia hivyo nageuka upande nicheke, maana kazi hiyo nimeifanya tangu sijaota mvi, ila sikupewa meza.

Hapa kwetu jambo zito halitangazwi barabarani. Iwe harusi, khitima, arobaini au maneno ya ardhi, lazima mtu avae baibui atoke kwa miguu, abishe hodi nyumba kwa nyumba. Atakaribishwa, ataketi, ataulizia wazee, watoto na mbuzi, atakunywa alichopewa, na hapo ndipo atasema, "Mwaalikwa." Mtu asiyebishiwa hodi haendi, hata kama shughuli iko ukuta wa pili na pilau analinusa. Aliyekuwa akibisha hodi mji mzima ni mie. Siku ya harusi ya binti wa liwali wa mwisho nilialika nyumba mia tatu na kumi kati ya adhuhuri na alasiri, na katikati nikasimama kidogo nikamzalisha mke wa mvuvi mapacha. Asiyeamini aulize. Pacha mmoja ana duka la vipuri.

Zikaja simu, wakaanza kualikana kwa makundi humo ndani. Mie nikabakishiwa khitima za wazee. Na kule ng'ambo ya njia mjukuu wa Malak anapita asubuhi na mkoba begani, kitambulisho kifuani, watu wanamwamkia kama yeye ndiye mkubwa wao.

Mwaka jana akaanza jipya. Kuna chama cha wasemaji wa taasisi za dini, Waislamu kwa Wakristo, ambacho huwapima watu wa kazi hiyo na aliyeiva hupewa ithibati. Akishaipata, akisema neno linabeba uzito Tanga nzima hadi Dar. Kwanza ni mtihani wa kuandika, huo Ghanima akaupita. Kilichobaki ni jalada la kazi moja ya kweli: ulichunguza nini, ukapanga nini, ukafanya nini, kikatokea nini. Ukishalipeleka, unaketi mbele ya jopo mjini Tanga wakuhoji. Mwenyekiti wa bodi, Shekhe Nadir, alimwambia kwa upole, lakini alimwambia: ukipata kabla ya Ramadhani, meza ni yako kwa maandishi. Ukikosa, tutamleta mtu mwenye ithibati kutoka Tanga, weye utaandikisha wagonjwa zahanati.

Haya nayajua kwa kuwa kibaraza chao na changu vinasikilizana.

Sasa mnisikilize lilivyotokea. Alhamisi moja tulikuwa uani kwa watu, tunakuna nazi za khitima, wanawake kumi na tano. Nikakaa kwenye mbuzi yangu ya nazi nikingoja waniambie, haya Bi Mwanamkasi, tupe habari. Hakuna aliyeniambia. Ilikuwa Ghanima mwanzo, Ghanima mwisho.

"Atakuwa mwanamke wa kwanza pwani hii," alisema Sabra, jirani yangu, na mikono imejaa tui. "Mashallah, kamrithi bibi yake. Malak naye alikuwa na maneno matamu."

Malak na maneno matamu. Mwanamke aliyekuwa akinisalimu kwa kukohoa.

Nikaweka kifuu chini. Nikasema, taratibu, kama mtu ambaye hataki kusema, "Mie hayo sina habari nayo. Nilikuwa Bweni jana. Nimewaona wazungu wawili na mtu wa miwani shambani kwa wakfu."

Mbuzi zote zikasimama.

"Wafanya nini?"

"Wapima. Wana fimbo inayolia yenyewe. Kila mnazi wakiugusa unabandikwa namba, na ule uliobandikwa namba unaangusha dafu zote kwa hofu. Nimehesabu minazi tisa imesimama mitupu."

Nilichokiona hasa ni kijana mmoja wa upimaji wa ardhi na mwenziwe, na fimbo ilikuwa fimbo. Lakini macho kumi na tano yakarudi kwangu, na ukishayapata macho huwezi kuyaachia hivi hivi. Nikawaambia patajengwa hoteli yenye sakafu ya kioo, mtu alale akiona samaki chini ya kitanda. Ijumaa adhuhuri wakfu ulikuwa umeuzwa. Ijumaa magharibi makaburi ya masharifu yalikuwa yanafukuliwa. Jumamosi mjukuu wangu Uweso, mwendesha bodaboda wa Maramba, akanipigia simu kuniuliza kama ni kweli mnazi mmoja ulilia kwa sauti ya mtu. La mnazi kulia sikulisema mie. Lakini nilipenda lilivyokaa, sikulikanusha.

Wazee wakaacha kumjibu salamu Shekhe Nadir. Na bodi ilikuwa na nia njema tu: pembeni mwa shamba wajenge chumba cha kuzalia, ili wanawake wa Bweni wasisubiri kivuko na uchungu umewashika. Hawakuwa wamemwambia mtu, ndiyo maana uongo wangu ulikuta nyumba tupu ukaingia.

Ghanima akakamata jambo hilo hilo likawa kazi ya jalada lake: kuuondoa uvumi na kuwaita watu wasikie ukweli. Nilimwona kupitia dirisha akiandika hadi kalamu ikamwishia wino. Roho ikaniuma nusu. Nusu nyingine ikawa inangoja.

Akafanya walivyomfundisha. Akachapisha karatasi nzuri za rangi zikabandikwa sokoni na kivukoni. Akatuma kwenye makundi ya simu. Na Jumanne akakodi gari la kipaza sauti likazunguka mji mzima: wananchi wote mnaalikwa madrasa saa kumi, kuhusu ardhi ya wakfu. Mie nilikuwa mlangoni. Nikajua pale pale kwamba imeharibika. Hapa gari la kipaza sauti likitaja ardhi, ni mnada. Hajawahi kuzaliwa mtu Pangani aliyesikia gari linataja shamba akadhani anaalikwa. Binti huyu kazaliwa hapa, kalelewa hapa, kualikwa kwa hodi anakujua, lakini alikuwa kaishi na vitabu kiasi kwamba alisahau mlango wake mwenyewe unavyobishwa.

Ningeweza kuvuka njia nimwambie. Ni hatua kumi na nne. Sikuvuka. Nilipika chai.

Walikuja watu tisa. Wawili waliingia kwa sababu ya mvua, na mmoja alikuja na bahasha akiuliza bei ya ekari.

Jioni ile Ghanima aliketi kibarazani kwao na baibui lake la kazini, hakuwasha hata taa. Shekhe Nadir alipita akamwambia, "Binti yangu, zimebaki wiki tano." Akaenda zake. Nililala vizuri usiku ule, nawaambia ukweli, ila kwa kujigeuza geuza.

Kesho yake akaanza upya. Akachukua daftari akaenda nyumba kwa nyumba, swali lake moja: habari hii ulipewa na nani? Akiambiwa jina anaandika, anakwenda kwa mwenye jina. Siku sita. Siku ya saba nikasikia hodi kwangu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekuja kuniandika?"

"Nimekuja kuuliza tu. Watu arobaini na wawili nimewauliza. Wote njia yao inarudi uani siku ya khitima, kwenye mbuzi ya nazi ya tatu kutoka mlangoni."

"Siku ile nilikaa ya nne."

"Bi Sabra kasema ya tatu."

"Sabra haoni hata vidole vyake."

Hakucheka, wala hakunikaripia. Akafunga daftari akaliweka magotini. "Sikuja kukushitaki, bibi. Nimeshaahidi kila nyumba kwamba sitamtaja mtu. Nimekuja kukuomba unifundishe kualika."

Hapo ndipo aliponichoma. Laiti angenitukana ningejua pa kumshika. Nikamwambia, "Miguu hii imetembea miaka hamsini, hakuna aliyeipa karatasi. Nikufundishe, weye upewe cheti kwa miguu yangu?"

"Ndiyo," akasema. "Ndivyo itakavyokuwa. Sina njia ya kukuficha hilo."

Bibi yake asingejibu vile. Malak angeniambia Mungu atanilipa. Nikamtazama pua yake, nikatafuta sababu ya kukataa, nikazipata tano. Lakini pia nikawaza: akikosa, ataletwa mwanamume kutoka Tanga asiyemjua mtu hapa, naye hatanibishia hodi hata siku moja. Nikamwambia avue kitambulisho.

Tulitoka wiki nzima. Nyumba ya kwanza, hata hatujaketi vizuri, akatoa karatasi kwenye mkoba. Nikamfinya. Nyumba ya pili akakataa kahawa kwa kuwa tuna haraka. Nikamfinya tena, mahali pale pale. Nikamwambia njiani, "Mtu akikupa kahawa anakupa sikio. Umemrudishia sikio lake." Akaliandika. Mambo niliyojifunza kwa vidonda, yeye anayaandika kwa kalamu ya bluu.

Na nyumba nyingine zilinitia uchungu zaidi. "Mashallah, ni Malak mtupu huyu," wanasema, wanamshika mashavu. Mie nimebeba mji mgongoni nimeketi pale pale, naulizwa tu kama magoti bado yanauma.

Nilisema nilivyopaswa kusema. Wakfu haujauzwa, kitajengwa chumba cha kuzalia, njooni Jumapili mumuulize Shekhe wenyewe. Walipouliza wazungu wako wapi nilisema huenda waliondoka. Ghanima akanitazama. Nikaongeza kwamba huenda hawakuwa wazungu. Kufika mlango wa mwisho, walishakuwa kijana mmoja wa kupima na mwenziwe.

Jumapili madrasa ilijaa. Wanaume ndani, wanawake nyuma ya pazia hadi njiani. Shekhe Nadir alisema, Ghanima akajibu maswali, mzee mmoja wa Bweni akasimama akalia kwa sababu mkewe alifia kivukoni mwaka ule wa mafuriko. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena habari za hoteli.

Jalada likaenda. Halafu akaja kuniambia kwamba jopo linataka msemaji aje na mtu mmoja kutoka miongoni mwa walioitwa, asikilizwe.

"Mpeleke Sabra," nikasema.

"Nakutaka weye."

Basi tukaenda Tanga. Ukumbi ulikuwa Chumbageni, chumba cha feni mbili. Nyuma ya meza waliketi watu wawili. Mmoja ni Sista Praxeda, mtawa wa makamo, mwenye kuendesha redio ya kanisa lake. Wa pili ni Mchungaji Fanueli, miwani mizito, sauti ya mtu aliyezoea kusahihisha. Nikawekwa kiti cha nyuma, nikaambiwa nitaulizwa baadaye.

Walimuuliza mengi naye akajibu, mengine sikuyaelewa, ya malengo na vipimo. Alieleza gari la kipaza sauti na watu tisa bila kuficha hata yule wa bahasha. Sista Praxeda alipenda hilo, alitikisa kichwa. Kisha Mchungaji akafungua ukurasa mmoja akaugonga kwa kidole.

"Hapa umechora njia ya uvumi, nyumba kwa nyumba, arobaini na mbili. Mwisho umeweka duara tupu. Chanzo ni nani?"

"Namjua," alisema Ghanima. "Lakini sitamtaja."

"Kwa nini?"

"Niliwauliza watu majumbani mwao kwa ahadi. Nikivunja moja hapa, hakuna mlango utakaofunguliwa kwangu tena Pangani."

"Na mimi nikisema duara hili ni tupu kwa sababu hukumpata? Uchunguzi wenye tundu hatuwezi kuupitisha. Unalijua hilo?"

"Nalijua, Mchungaji."

Feni ikazunguka. Niliona mgongo wa Ghanima umenyooka kama mlingoti, na shingoni nyuma jasho linashuka. Kuna kitu kikanibana. Ningependa kuwaambieni kwamba ilikuwa huruma. Ilikuwa hivi: hata siri yangu mwenyewe, niliyoitunga kwa kinywa changu, sasa inampa yeye heshima ya mtu mwaminifu.

Hapo Sista Praxeda akasema, nusu akijisemea, "Kwa kweli aliyeutunga ana kipaji. Alhamisi Pangani, Jumamosi Maramba. Redio yetu yenyewe Maramba haishiki."

"Atakuwa msomi," alisema Mchungaji. "Uvumi uliopangika namna hii, wenye sakafu ya kioo na kadhalika, hautoki kwa mtu wa kawaida. Pengine mwandishi wa habari."

Nilisimama kabla magoti hayajajua.

"Msomi gani, baba," nikasema. "Shule ya maisha yangu ni kisomo cha watu wazima, na nacho sikukimaliza. Ni mie."

Ghanima akageuka. "Bibi, si lazima."

"Weye nyamaza, umeshasifiwa." Nikawaeleza wote kuanzia mwanzo: kifuu, fimbo inayolia, minazi tisa mitupu, samaki chini ya kitanda. Nikawaambia la mnazi kulia si langu, wasiniandikie, lakini mengine yote ni yangu na yaandikwe hivyo. Sista alishika kitambaa mdomoni. Mchungaji alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaandika jina langu ndani ya duara herufi kwa herufi, akiniuliza kama Mwanamkasi ni neno moja au mawili.

Kisha Sista akaacha kucheka, akaniuliza taratibu, "Bibi, lakini kwa nini uliyasema?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kuchagua. Nikaangalia mgongo wa yule mtoto.

"Wivu," nikasema. "Walikuwa wanamsifu yeye."

Ghanima aliinamisha kichwa, na hadi leo sijui kama alilia au alikuwa anatazama viatu vyake.

Tukarudi. Karibu na Pangani aliniuliza kama nimechoka. Nikamwambia sijachoka, ila ukumbi wao hauna kahawa.

Wiki mbili zikapita, ikabaki moja kabla ya mwezi kuandama. Asubuhi nikasikia hodi. Aliingia, akaketi bila kitambulisho. Akaniulizia magoti, akamuulizia Uweso, akauliza kuku wangu wanatagaje. Nikampa kahawa akainywa hadi machicha. Ndipo aliposema, "Bibi, nimepata. Shekhe Nadir kanisainia na meza. Ijumaa baada ya alasiri patasomwa dua. Nakuomba ukawaalike watu."

Akanionyesha karatasi. Ina muhuri wa dhahabu na jina lake refu lote, hadi la marehemu Khalifa, mume wangu, ambalo mie halijaandikwa popote pamoja na langu. Niliishika. Nikairudisha haraka.

"Kwa nini usitume kwenye makundi?"

"Nitatuma. Lakini hawatakuja."

Basi nikavaa baibui. Nyumba sitini na nne siku ile, na kila mlango ilinibidi niketi niseme jina la mjukuu wa Malak kwa kinywa changu. Nikasema Ghanima kapewa ithibati, dua ni Ijumaa, mwaalikwa. Sikuongeza chui, wala wazungu, wala rais kumpigia simu. Sikuongeza chochote, kwa sababu kila ambacho ningeongeza kingemkuza yeye.

Nilipomaliza kwa Sabra, alinitazama muda mrefu, akanishika paji la uso kwa nyuma ya mkono.

"Na mengine?" akauliza.

"Hakuna mengine. Ni hivyo tu."

Akaniambia nikalale, atamtuma mtu aniletee uji.